Matete ya Pale Mtoni

Karungu, ziwani

Kaka Mwita,

Pokea salamu zangu. Mko aje huko Kegonga? Mguu wa Mama unaendeleaje, anafika sokoni mwenyewe ama bado anatuma watu? Mimi mwili uko sawa. Usishangae kupata karatasi. Simu yangu ilitumbukia ziwani siku ile nitakayokueleza, na barua hii anakuletea Mama Boke anayeuza omena, wale dagaa wa huku. Mpe hata chai.

Samaki wamekufa, kaka. Wote. Vizimba vyote vya nyavu vya Mama Atieno, yule mjane aliyeniajiri niwe nawalisha samaki wake wa ngege. Naandika hivyo tu kwa sababu sijui njia nyingine ya kuandika.

Tangu mvua ianze, mto Kuja ulikuwa ukimwaga maji mekundu kama uji wa wimbi. Baadaye ziwa likawa kijani, ukichota maji kopo linatoka na rangi. Halafu upepo wa baridi ukavuma usiku kucha, asubuhi ukanyamaza. Nilipofika kwa vizimba nikakuta ngege wote wako juu, midomo wazi. Nikadhani wana njaa, nikawarushia chakula. Hakuna aliyekula.

Mama Atieno akasimama ufuoni akasema, "Nam olokore." Mimi kwa Kijaluo changu cha kuokota nikajua ni kitu kimepinduka, nikafikiri ni mtumbwi. Nikainama kutafuta watu majini, hapo ndipo simu ilipochomoka mfukoni. Kumbe anasema ziwa limejigeuza.

Tulipokuwa tukivuta nyavu akanieleza. "Ziwa kujigeuza si ajabu, Robi. Upepo wa baridi ukija, maji ya chini yanapanda, ya juu yanashuka. Ndivyo linavyopumua. Zamani wangekufa wachache, tunakula, maisha yanaendelea. Sasa huko chini kumejaa uozo. Udongo na mbolea za mashamba zinalisha huu ukijani, nao ukifa unazama, unaoza, unamaliza hewa yote ya chini. Likijigeuza, hayo maji yasiyo na hewa ndiyo yanapanda."

Kisha akaniuliza, "Kwenu huko juu si mnalima?"

Nikasema tunalima.

"Haya, chukua koleo," akasema.

Tulizika samaki mpaka mikono ikafa ganzi. Nilidhani nitalia jioni. Jioni ikafika, nikasonga ugali, nikala, nikalala. Mpaka leo sisikii kitu, kaka, si uchungu, si hata ile harufu ambayo wapita njia wanazibia pua. Asubuhi mkono bado unatafuta kopo la chakula cha samaki. Nikishalishika ndipo nakumbuka, nalirudisha.

Sasa lile jambo lako. Mara ya mwisho tulipoongea uliniambia msimu huu plau itashuka mpaka majini, kwamba yale matete aliyoacha Baba ni shamba linalolala bure. Mimi pia nilidhani ni uvivu wa Baba, tukamcheka. Lakini kumbuka, mvua ikinyesha tulikuwa tukienda kuchota wapi? Chini ya matete. Maji yalishuka kutoka kwa mahindi yakiwa matope, yakaingia mle ndani, yakatoka upande wa pili yakiwa safi, tunaweza kupikia. Ule udongo na ile mbolea vilibaki kwa matete. Ukiyang'oa, vitashuka na mto wetu mpaka Kuja, vije huku ziwani.

Najua kipande chetu ni kidogo na mto una mashamba mengi. Ila siwezi kuwaomba wenye mashamba mengine. Najua pia utasema mimi ni mtu wa kuolewa, ya shamba yananihusu nini. Sawa. Mama Atieno amesema ataangalia mvua ijayo. Maji yakitulia, ataweka vifaranga wapya wa samaki na mimi ndiye nitawalisha. Yakija vile tena, atauza vizimba, na mimi hapa sina kazi nyingine. Nakuomba uyaache, kaka. Lima kote, hayo uyaache.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie wifi Gati na huyo mtoto ambaye sijamwona, na baba mdogo, kama ameacha kugombana na jirani juu ya mpaka. Bibi mwambie shuka alilonipa ndilo ninalojifunika.

Ukishaamua, usihangaike kutafuta simu ya mtu unipigie. Kila mvua ikinyesha huko juu, mimi nateremka kuangalia rangi ya maji.

Ni mimi, dada yako wa chini ya mto,

Robi