Kamba Moja, Mashamba Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia mihogo hadi jua la utosi. Mgongo unauma. Dama, mdogo wangu, kapita na mumewe wakienda kutazama shamba lake. Wanacheka. Sijui kinachochekesha ni nini.

Hatuna kaka, ndiyo maana Mama katugawia ardhi ya hapa Jilore sisi mabinti wawili. Angegawa sawa ningeshukuru. Lakini kipande cha Dama kinaanzia barabarani, kinashuka hadi karibu na mto. Kirefu, macho yanachoka. Changu kiko ubavuni mwake, kifupi, kimejikunyata kama kuku anayeatamia.

Mama anaapa ni sawa kwa sawa. Ati alichukua ngwe, kamba yake ya kupimia, akazungusha mpaka wote. Kamba saba kukizunguka changu, saba kukizunguka cha Dama. Kamba haina upendeleo, anasema. Mwenye kuishika je?

Jumatano, 5 Machi
Nimesema. Mbele ya mjomba, na majirani wamesikia: nimedhulumiwa. Mjomba kaamua Jumamosi tupime upya mbele ya wazee, atakayekutwa na kikubwa akikate ampe mwenzake. Nimekubali kabla hajamaliza.

Dama kasema tu, "Haya, dada." Hiyo haya yake inanichoma kuliko tusi. Tangu utoto ni hivyo. Jina la bibi, yeye. Kulala na Mama, yeye. Hata mume wa kucheka naye, yeye. Namwonea wivu. Ndiyo, nimeandika.

Ijumaa, 7 Machi
Nilitaka kesho niende na ushahidi. Asubuhi nimepima kwa hatua. Cha Dama: urefu mia na kumi, upana thelathini. Changu sabini kwa sabini. Nikajumlisha pande zote nne. Mia mbili na themanini kwake. Mia mbili na themanini kwangu. Mama hakudanganya.

Lakini shamba halilimwi pembeni tu. Nikakumbuka hesabu ya shule, urefu mara upana. Nikaandika mchangani kwa kijiti. Chake hatua za mraba elfu tatu na mia tatu. Changu elfu nne na mia tisa. Nikafuta, nikarudia. Vilevile.

Kikubwa ni changu! Nimeonea wivu pindo, kumbe kitambaa ninacho mimi. Na kesho kitakatwa, kwa mdomo wangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimewaza kujifanya mgonjwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda. Mpima ardhi katoka Malindi na chombo chake. Kasema kwa ekari: changu moja na karibu robo, cha Dama hata moja haifiki. Mama kashika mdomo. Hakujua. Kwake yeye, kamba ikilingana na ardhi imelingana.

Wote wakanigeukia. Mjomba akauliza kigingi cha mpaka kisogezwe wapi.

Dama akasema, "Msikate, mjomba. Mama kapima kwa mikono yake, nami nimeridhika. Dada ana watoto wengi."

Hasira zilinipanda hadi machozi. Watu wakadhani ni shukrani.

Jumapili, 9 Machi
Mvua bado. Sikwenda kanisani, sitaki kutazamwa. Dama anafyeka kwake, nasikia panga. Mama kashinda huko.

Jana wazee walimpa Dama mkono mmoja mmoja wakiondoka. Mimi niliagwa kwa mbali. Nina ardhi kubwa kuliko yake, mbele ya mashahidi, na bado yeye ndiye mwenye kupata.

Jioni nimekwenda mpakani. Ningeweza kumkatia mwenyewe, hatua kumi na moja tu kwa upana, tukawa karibu sawa. Nikashika kigingi. Kisha nikawaza: watasema nimemwiga Dama. Hata kwa wema kanitangulia.

Nimekiacha kigingi pale pale. Nimerudi kupika.