Yaya, Ulibeba Hata Godoro

Yaya Monique, dada mukubwa na munganga wangu,

Nakuandikia kutoka Nchelenge, kwenye kibaraza kile kile cha nyuma ya kanisa, mahali tulikuwa tunakaa kila siku ya tano ya juma, Ijumaa, wewe na miye. Benchi ingaliko. Wewe ndiye haupo, na nina hasira, kwa hiyo nitasema yote bila kuzungusha.

Unakumbuka siku mama alinileta? Nilikuwa nimevaa nguo ya mikono mirefu, na jua lilikuwa la kupasua kichwa. Mama akasema, "Munganga, huyu mutoto anajikata yeye mwenyewe. Tumeomba, tumefunga, bado." Haukushituka. Haukuniuliza ni shetani gani. Ulisema tu, "Mado, kaa. Uchungu wako unaanzia wapi?" Mama weh! Hakuna mutu alikuwa ameniuliza vile.

Ulinifasiria ugonjwa. Ulisema kwa Kifaransa jina lake ni kama ugonjwa wa mupakani, nami nikakujibu basi huku kwetu wote ni wagonjwa, maana tukitupa jiwe linaangukia Zaire. Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Kisha ukasema, "Mutu wa ugonjwa huu ukimuacha kidogo tu, moyo wake unamuambia ametupwa. Leo anakupenda kupita kiasi, kesho hataki kukuona. Na uchungu ukimujaa, anautolea kwenye ngozi." Nililia, kwa sababu ulikuwa umenisema miye mwenyewe. Mama aliyenizaa alikuwa bado hajanijua hivyo.

Tukaanza kazi. Nikijiumiza, haukunifokea, ulinirudisha nyuma, kitu kimoja kimoja: nani alisema nini, nilikula ao sikula, hasira iliingilia wapi, kama vile tunavyofungua wavu uliojifunga. Ukanifundisha barafu. Mukono ukianza kuniita, nikimbilie lori za samaki zinazotoka Kitwe, nishike kipande cha barafu mpaka moyo utulie. "Hasira haikai juu siku zote," ulisema. "Itashuka. Wewe ungoje tu." Madereva walinizoea. "Weh, dada, barafu ni ya samaki!" Nami nawajibu, "Basi leo miye ni samaki."

Lakini dawa yako kubwa ilikuwa kuaga. Kila mara ukitaka kwenda Mununga ao Puta kuona wagonjwa wengine, ulisimama mbele yangu, ukanitazama machoni: "Mado, naenda. Nitarudia siku ya tano." Na miye nilipaswa kujibu, "Nenda. Sijatupwa." Mara ya kwanza nilisema "Nenda" peke yake. Ulirudia siku ile ile uliyosema, na fungu la sombe, majani ya muhogo, mukononi, ukaniambia twende tupike. Kidogo kidogo moyo ukaamini. Nikaanza kuvaa mikono mifupi kwenye mchanga tukianika chisense, samaki wale wadogo, na wamama wakaona makovu yamekauka.

Halafu ikaja ile wiki. Zaire ilikuwa imegeuka Kongo, na watu wengi waliokimbia kule kama wewe walisema sasa wanaweza kurudia kwao. Siku ya kwanza ya juma sikukuona. Mama akasema, "Ameenda Mununga. Atarudia siku ya tano." Sikuuliza sana kwa nini haukuniaga, nilisema pengine ni haraka ya kazi. Siku ya tano nikafagia kibaraza, nikaketi. Wamama wa chisense wakapita, hakuna hata mumoja aliyenitazama usoni. Unajua desturi yetu: mutu akifiwa na mama yake mbali, tunamuambia "mama anaumwa kidogo, twende," tunamuficha mpaka afike mbele ya kilio. Nikaogopa umekufa. Nikakimbia ziwani kumuuliza mwenye boti ya Kilwa, ng'ambo kule Kongo. Yule hakuna aliyekuwa amemuonya. "Munganga? Si nilimuvusha siku ya kwanza? Alibeba vyote, hata godoro."

Yaya. Mutu wa kurudia siku ya tano habebi godoro.

Nilienda kwenye lori. Nilishika barafu mpaka ikaisha, nikashika ingine, nikilia kwa sauti bila haya, na dereva hakusema tena kwamba ni ya samaki. Nilipotulia nikaenda kwa mama. Akalia naye. "Ni yeye aliyetuomba," akasema. "Alisema, 'Musimuambie Mado. Akijua, atajikata.'"

Hapo ndipo uliponisaliti. Kwenda kwako ningevumilia. Bwana yako alikuwa anakungoja Lubumbashi, nani angekukataza? Lakini wewe, uliyenifundisha kwamba naweza kusikia ukweli na nikabaki muzima, haukuiamini dawa yako mwenyewe. Uliwapanga wamama wote wa ufuko huu wanidanganye, na mama yangu akiwa mbele. Mpaka leo mama akisema anaenda sokoni, namuangalia amebeba nini. Umeniharibia hata soko, Yaya!

Na ujue sikujikata. Siku ile, wala baadaye. Mukono unaniita bado, sitakuficha. Miezi serikali inapofunga uvuvi na lori haziji, naingiza mikono kwenye mutungi wa maji, nangoja. Ulinifundisha vizuri. Ndiyo maana inaniuma hivi.

Ulisema pia vitu viwili vinaweza kukaa ndani ya moyo mumoja, kimoja kisifukuze kingine. Haya basi. Nakupenda. Na sijakusamehe. Vyote vinakaa humu, na vinagombana kutwa nzima.

Sasa mama ananiita, chisense zinataka kugeuzwa. Hebu simama mbele yangu, hata kama ni kwa karatasi tu, unitazame machoni. Yaya, naenda ufukoni. Nitarudia mangaribi.

Umeona? Hayakuwa maneno magumu.

Mudogo wako,
Mado