Risasi Tulizokuwa Tukizitangaza

Baba,

Mwadila. Nakuandikia dukani, mchana wa Jumatatu. Wateja hakuna, Bariadi nzima iko shambani inachuma pamba, na dawa zangu za wadudu zinanikodolea macho kutoka kwenye rafu. Najua hukupenda barua ndefu. Vumilia hii, maana kuna jambo limetokea pale shimoni tunapolenga shabaha, na nikimweleza mtu mwingine ataniona nimechanganyikiwa.

Kwanza habari za nyumbani. Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Bunduki yako tuliipeleka polisi wiki ile ile tuliyokuzika, pamoja na risasi zako zilizobaki, kama sheria inavyotaka. Askari aliyeipokea aliigeuza huku na huku akasema mwenye bunduki hii alikuwa mtu wa usafi. Mama akalia pale pale kaunta. Mimi nilijikaza. Nililia wiki nyingine kabisa, nilipokuta matambara yako ya kufutia bunduki yamefuliwa na kuanikwa kwenye kamba pamoja na nguo za watoto.

Mimi na Mwalimu Doto, mwenzetu wa shabaha, tuliendelea kwenda shimoni na bunduki zetu. Mwalimu alisema tukiacha mara moja hatutarudi tena, na mimi sikuwa na hamu ya kuacha. Pale ndipo mahali pekee ambapo bado nakusikia. Nikiwa nyumbani kila mtu anasema "marehemu baba yako." Nikiwa shimoni, nikishusha kiwiko, nasikia, "Minza, kiwiko."

Nakumbuka ulivyolipenda lile shimo. Wakandarasi walichimba moramu ya barabara wakaondoka, wakaacha ukuta mrefu wa udongo usiopitisha kitu. Wewe ukaukagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Ukaenda serikali ya kijiji, ukaenda polisi, ukarudi na ruhusa, na kuanzia hapo kila Jumapili baada ya ibada tukawa tunalenga madebe.

Watu wa mjini wakiniuliza tunapiga risasi ngapi, wanategemea niseme mamia. Nikisema kumi kwa kila mtu, wanacheka. Hata Mwalimu aliwahi kukuonyesha kwenye simu watu wa nchi za nje, mtu mmoja anamaliza mia mbili kabla ya chakula cha mchana, tena kwa kujifurahisha tu. Ukaitazama video yote, ukamrudishia simu, ukauliza, "Hao mabega yao ni ya chuma?" Kwako tatu za mwanzo zilikuwa za kuamsha mkono, nne za katikati za kujifunza, tatu za mwisho za kujipima. Ikishapita ya kumi, ulisema, bega linaanza kuogopa kabla kidole hakijavuta, na kuanzia hapo mtu anajifunza uoga. Mazoezi mengine yote tulifanya sebuleni na bunduki tupu, tunalenga kalenda ya ukutani, mpaka Mama akauliza mwezi wa nane umetukosea nini.

Na ulikuwa na ile desturi yako. Kabla hatujapiga, ulizunguka kwa miguu nyumba zote zinazolizunguka shimo. Mwadila mayu, mwadila baba, unakaa, unapewa uji, unaulizia ndama, ndipo unasema: "Leo zitalia thelathini." Basi watu wanafungia mbuzi, wanawaita watoto kutoka kisimani, wanakaa kivulini wanahesabu. Ikilia ya thelathini, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Na ikilia zaidi ya uliyosema, wanajua huyo si Luhende, huyo ni mtu mbaya. Miaka yote ile haikuwahi kulia zaidi.

Sasa sikia mpwa wako Shija alichofanya.

Amehamia huku kutoka Mwanza, ana kibali chake, ana bunduki mpya inayong'aa, na sanduku zima la risasi. Akaomba kujiunga. Nikasema mtoto wa shangazi, nitamkatalia vipi? Nikamweleza kumi kwa mtu. Akasema, "Sawa dada." Nikamweleza habari ya kuzunguka majumbani. Akasema si tufungue tu kundi la WhatsApp, tuwe tunatuma namba. Mayu Nkamba wa pale jirani na shimo ana simu ya tochi, Baba, na tochi yenyewe haiwaki! Nikazunguka mwenyewe kwa miguu, nikanywa uji mpaka tumbo likauma, nikasema thelathini. Watu watatu, kumi kumi.

Mwalimu akapiga zake vizuri. Mimi nikapiga, si vibaya. Shija akapiga kumi, na debe likabaki limesimama kama limeajiriwa. Hata mkwaruzo halikupata. Nikamwambia hakuna neno, kila mtu alianza hivyo, nikainama kuokota maganda ya risasi. Nilikuwa bado nimeinama niliposikia mlio. Nikageuka. Debe liko chini, na Shija anacheka meno yote nje. "Moja tu dada! Si umeona?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Ndipo mwano ukaanza kwa Mayu Nkamba, ukapokelewa nyumba ya pili, ukapokelewa ng'ambo ya mto. Shija amekulia mjini, hajawahi kusikia ukelele huo wa kuitana wakija wezi wa ng'ombe maishani mwake. Akaniuliza, "Wanashangilia?" Nikamwambia aweke bunduki chini, mikono aiweke mahali inapoonekana, na akae kama mtu anayesali.

Walikuja, Baba. Walikuja na fimbo, na mapanga, na pinde. Bodaboda moja ilileta watu wanne na mkuki. Mzee Maduhu, kamanda wa sungusungu, alikuja mbio na kiatu kimoja, anahema mpaka nikaogopa atatufia pale. Na jambo la kwanza alilouliza halikuhusu wezi. Aliuliza, "Minza yuko wapi? Mmemwona Minza?" Walidhani mtu amenivamia. Mimi ndiye niliyewaambia thelathini, ikalia ya thelathini na moja, wakaacha pamba na vyungu jikoni wakakimbia kuja kuniokoa. Niliposimama wakaniona mzima, mama mmoja akakaa chini kwenye vumbi akaanza kulia.

Halafu wakajua ni debe tu. Aisee, hapo ndipo walipokasirika.

Shija alitozwa dume la ng'ombe kwa desturi ya sungusungu, likachinjwa na kuliwa siku hiyo hiyo, na yeye mwenyewe akachochea moto. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba shimo lilifungwa mpaka kikao. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilikuwa nimekuzika wewe, na sasa naona wanataka kunizikia na shimo.

Kikaoni maneno yalikuwa makali. Kijana mmoja akasema huu ni mchezo wa wenye nacho, watu wazima na akili zao wanaunguza risasi kwenye debe wakati fisi wanamaliza mbuzi. Mwalimu akataka kujibu Kiswahili chake cha darasani, nikamvuta shati. Mzee Maduhu akasimama, akasema yeye hana shida na risasi, ziwe kumi au mia. "Luhende akisema ishirini, zinalia ishirini. Sisi tulikuwa tunakaa na namba yake." Akanigeukia. Akasema tunaweza kurudi, ila namba nitaisema mimi, nitaijibia mimi, na ikikosewa tena, shimo basi, hakuna kikao kingine. Shija akakatazwa mpaka msimu upite. Nikawashukuru, wabeja sana.

Jana ndiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza. Nilizunguka tena. Nikasema ishirini, mimi na Mwalimu. Hakuna aliyenitania. Walifungia mbuzi wao na kunitazama tu, kama watu wanaopima mzani.

Mwalimu akapiga kumi akawahi kwenda, ana mgonjwa nyumbani. Nikabaki peke yangu. Nikapiga tisa zangu, na debe likaanguka mara saba, ungefurahi. Ya kumi nikaitoa nikaishika mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa pale bila mtu, na nilikuona wazi kabisa, umekaa juu ya lile jiwe, kofia imeshuka machoni. Nikasema hii ni ya Baba. Nikaitia mfukoni, nikafunga bunduki, nikaokota maganda, nikaondoka nikiwa nimetulia kuliko siku yoyote tangu ufe. Nilijisifu moyoni kwamba namba haikuzidi.

Nilipofika kwa Mayu Nkamba nikasikia mbuzi wanalia zizini kama wanachinjwa. Yeye mwenyewe amesimama mlangoni pa zizi, mkono uko kwenye komeo. Hakunisalimia. Akasema, "Nimehesabu kumi na tisa." Nyuma yake wajukuu wamekaa kwenye ndoo tupu, hawajaenda kisimani. Nikatazama nyumba ya pili, watu wamekaa kivulini. Ya tatu vilevile. Ng'ombe wote ndani, jua linashuka, kijiji kizima kimeketi kinasubiri risasi iliyo mfukoni mwangu.

Nikamweleza. Nikamwambia ukweli, kwamba nimemwekea Baba. Nilidhani atanipa pole. Alinitazama, Baba, na macho yake hayakuwa mabaya. Kisha akasema, "Mwanangu, baba yako ameshakula. Mbuzi wangu bado."

Nilirudi shimoni karibu kwa mbio. Nilisimamisha debe, nikatia risasi, nikainua bunduki. Nilikuwa nalia mpaka debe likawa mawili, na sikulipata hata moja. Lakini ililia. Na kabla mlio haujaisha kurudi kutoka kwenye ukuta, nikasikia komeo la Mayu Nkamba, halafu la jirani, halafu mazizi yote yanafunguka, kengele za mbuzi zinatawanyika kila upande, na watoto wanapiga kelele kuelekea kisimani. Nilikaa chini pale pale nikasikiliza mpaka zikaisha. Hicho ndicho ulichokuwa ukikisikia kila Jumapili, na mimi siku zote nilikuwa bize na kuokota maganda.

Baba, nimekukosa sana. Sitaacha kukukosa. Lakini sitakuwekea tena risasi, usinielewe vibaya. Wiki ijayo nitazunguka, nitakunywa uji wao wote, nitasema namba, na nitapiga zote nilizozisema, hata kama ya mwisho nitaipiga huku nalia. Kuna watu wananisubiri.

Mama amepiga simu, chakula tayari. Lala salama, Baba.

Mwanao,
Minza