Koti la Kwenda Makete

Jumapili, masika

Ukungu tena. Nimelitoa kabatini koti langu la ngozi ya kondoo, lile lililoshonwa kwa kuiga makoti ya marubani wa zamani, nikakuta kola yote imeota madoa ya kijani. Joto la Mtwara halilifai kabisa.

Nimelifuta kwa kitambaa kikavu, nikalipaka mafuta ya ngozi na kulitundika barazani. Nilipotoka kuoga, jirani yetu Mama Somoe alikuwa amelihamishia juani. Alitaka kunisaidia, lakini jua kali hupasua ngozi. Nilikasirika, nikalirudisha kivulini.

“Baba Upendo, koti zito hivi utalivaa lini?”

“Nikirudi kuishi kwetu Makete. Kule baridi inagandisha maji.”

“Mwaka gani huo?”

Naogopa kwamba sitarudi. Nyumba nimejenga hapa, mke wangu nimemzika hapa.

Jioni binti yangu Upendo amekuja na habari kwamba amepangiwa kufundisha Makete. Akalivaa koti palepale, jasho likimtiririka, mikono ikimfunika vidole.

“Baba, limenikaa?”

Halikumkaa hata kidogo. Nimemwambia limemkaa, nikamwonyesha namna ya kulipaka mafuta, taratibu, kuanzia kwenye mishono. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia.

Nilidhani ningesikitika kumpa koti. Badala yake najisikia mwepesi. Siku akishuka kwenye basi kule, mama yangu, aliyeniaga nikiwa nimelivaa, atalitambua koti kabla ya kumtambua mjukuu wake.