Vipofu Wawili wa Yeriko na Mimi Mmoja

Bibi, mke wangu mzee,

Kuanzia Lituhi mpaka huko juu Mbinga hakuna anayeisoma Injili kunizidi mimi, na mapadri nimewahesabu humohumo. Usicheke. Darasa la tatu niliacha mwenyewe, wao walinitangulia tu kuniambia nisirudi. Nakuandikia kwa Kiswahili safi cha misheni, ingawa najua husomi. Mtafute mtu huko akusomee, ila asiwe Babu. Yule akichoka huruka mistari.

Habari za hapa ni njema. Usipa, dagaa wetu hawa wa ziwani, wamejaa mpaka mchanga wa kuwaanika hautoshi. Kuku wako mwekundu ameangulia vifaranga ndani ya kapu la mihogo la Shangazi, hataki kuondolewa, na Shangazi anasema ukaidi wako umehamia kwa kuku. Na wewe umelala palepale ulipotaka, makaburini misheni, kando ya Babu. Hilo ndilo nataka kukusimulia, maana sifa zote ni zangu.

Unakumbuka tulikoanzia. Wewe unaanika usipa, mimi nimekaa juu ya jiwe nakusomea. Nikasoma kwa Mateo: Yesu anatoka Yeriko, vipofu wawili wanapaza sauti njiani. Siku nyingine nikasoma kwa Marko: Yeriko ileile, njia ileile, kipofu mmoja, Bartimayo. Ukaacha samaki, ukanitazama.

"Mume wangu, yule mwingine umempeleka wapi?"

Nikaapa sikumla. Ukasema basi, Mateo na Marko, wazee hao wawili, wakae chini wapatane kwanza. Wakishapatana, utakuja kubatizwa. Mwalimu wa dini alikuja kukubembeleza mpaka akachoka. Ulikuwa unampa usipa wa kukaanga, unamwuliza vipofu ni wangapi, anakula, anaondoka.

Halafu homa ikakulaza. Shangazi na Baba Mdogo walikuwa shamba, Padri amekwenda Tingi kusoma misa. Nyumbani tulibaki mimi na Anna, yule mjukuu wako aliyekuwa ameletwa juzijuzi tu kutoka Litumbandyosi. Ukaniita. Ukasema unataka kulala na Babu, na pale hawalazwi wasiobatizwa, kwa hiyo mambo ya vipofu basi, utakwenda kuwauliza wenyewe hukohuko.

Mafundisho niliyopata kabla ya kufukuzwa yalitosha: mtu akiwa mahututi na Padri hayupo, yeyote aweza kumbatiza. Nikakimbia ziwani na kata, nikakumwagia kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, nikakuita Magdalena kwa kuwa ndilo jina lililonijia. Kabla jua halijazama ukaondoka.

Jioni ile Baba Mdogo akapeleka habari misheni, akanitaja mimi tu. "Mama amebatizwa. Kasto ndiye aliyekuwa naye." Asubuhi, Padri amekwisha kurudi, Shangazi naye akaenda kuomba kaburi. "Watoto wawili walikuwa naye, Padri." Padri akakunja uso. Mmoja au wawili? Akaona tumetunga maneno ili upate nafasi kando ya Babu. Wachimbaji wakakalia majembe yao, wakingoja.

Tukaitwa. Anna, mdogo vile, akasema bila kutetemeka kwamba Bibi alisema, "Maji gani haya ya baridi, mume wangu, unataka kuniua kabla ya homa?" Mimi nikasema hapana, Bibi alisema, "Haya, mwaga." Padri akauliza, sasa mkweli ni nani?

"Sote, Padri," nikamwambia. "Mimi nilimwuliza kabla ya kumwaga. Anna anakumbuka ya baadaye. Na Baba Mdogo alinitaja mimi peke yangu kwa sababu hapa misheni mnanijua. Si mimi niliyewapigia kengele ya misa watu wamelala? Anna mnamjua nani? Kwetu anayepeleka habari ya msiba humtaja yule mnayemjua, basi."

Hapohapo nikawakumbuka vipofu wetu, Bibi. Mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umenipa jibu. Vipofu walikuwa wawili, ila Bartimayo ndiye Kasto wao. Marko alipeleka habari kwa watu waliomjua. Mateo alihesabu vichwa, kama Shangazi. Wazee wale hawajagombana hata siku moja.

Nikamwambia Padri na hilo pia, akacheka mpaka akashika meza. Akasema tungeleta maneno yaliyofanana angejua Shangazi ametufundisha njiani. Akatoka mwenyewe kuwaonyesha wachimbaji mahali.

Basi lala vizuri, Magdalena. Anna nitamfundisha kusoma, na vifaranga wako nitawalinda na mwewe. Msalimie Bartimayo, na yule mwenzake umwulize jina. Nitaliandika pembeni mwa Marko, nafasi ipo.

Jambo moja tu ndilo lililoharibika kweli. Nilipotoka kwa Padri niliwaacha wote, nikakimbia njia nzima mpaka ufukweni, nacheka, naita, "Mke wangu, ni wawili, ni wawili kweli." Nikafika kwenye mchanga wako. Usipa uliowaanika kabla ya homa walikuwa bado palepale, hakuna aliyewageuza. Nikasimama pale na jibu langu mdomoni. Halafu nikachuchumaa, nikaanza kuwageuza.