Maji ya Kuoshea Injini

Jumatatu, 4 Agosti

Zamu ya asubuhi. Ndege ililala hapa Malindi kama kawaida. Nimefungua vifuniko vya injini, nimepima oili, nimepapasa mapanga ya mbele kwa kiganja. Sawa. Mzee Kahindi, mtia mafuta wetu, amekinga mafuta kidogo chini ya tangi kwa chupa yake ya kioo, akaiinua juani kutazama kama yana maji. Hufanya hivyo kila siku, hata akiwa na homa. Hayakuwa na maji. Nimeona kwa macho yangu. Nikatia saini.

Ndege ikaruka. Kisha mshindo. Mmoja tu, mkavu, injini ya kushoto, na moshi nyuma yake. Rubani akaizima injini ile, akageukia baharini polepole, akarudi na moja iliyobaki. Abiria wote wazima, alhamdulillahi. Mama mmoja amenikumbatia wala hanijui.

Jumanne, 5 Agosti

Meneja amemsimamisha Mzee Kahindi. Eti mafuta yalikuwa na maji. Hajafungua hata chujio. Meneja huyu ametoka bara, hajatimiza mwaka pwani, na tayari anajua kila kitu.

Mafuta yale yale yaliingia mabawa yote mawili. Mbona injini ya kulia haikukohoa? Nimemuuliza mbele ya watu. Amenijibu kwamba wakaguzi wanakuja Jumatatu, na mpaka siku hiyo nifunge mdomo.

Mzee Kahindi amevua koti lake la kazi, amelikunja vizuri, ameliacha kitini. Nimekasirika. Mnyonge hana haki, wasema. Tutaona.

Jumatano, 6 Agosti

Meneja alipokwenda kula nimepanda ngazi na tochi kuikagua injini ya kushoto. Si kunguru wala mwewe: hakuna unyoya, hakuna damu, hakuna harufu ya nyama iliyoungua. Si jiwe la njia ya kurukia, maana jiwe lingeanza kwa mapanga ya mbele, nayo hayana hata mkwaruzo. Chujio la mafuta safi. Oili ipo. Ubovu uko ndani zaidi, kwenye mapanga madogo yanayobana hewa. Moja limekatika na kuyavunja mengine. Kwa nini limekatika? Sijui. Sipendi kutojua.

Alasiri nimekwenda kijijini Ganda kumjulia hali Mzee Kahindi. Nimemkuta anapukuchua mahindi peke yake. Nyumba ya pili kuna matanga, ngoma inasikika, naye hakwenda. Kuna mtu amesema huyu ndiye aliyetaka kuangusha ndege. Mzee wa Kigiriama kukosa matanga ya jirani! Afadhali angepigwa. Nimemwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu. Nimemsaidia kupukuchua. Wakati wa kuondoka nimemwambia atarudi kazini. Sina hakika nilikuwa na haki ya kusema hivyo.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeipata. Natamani nisingeipata.

Bomba lilikauka leo. Mikono yangu imejaa grisi na adhana inakaribia. Nyuma ya stoo kuna tangi jeusi, maji yake ni ya kuoshea ndani ya injini tu, kutoa chumvi ya upepo wa baharini. Kazi hiyo ni ya zamu ya jioni, mimi tangi lile siligusi. Leo nimelifungulia. Nikasugua sabuni. Povu halitoki. Nikasugua tena. Utelezi tu, mabonge meupe. Nikayaonja.

Chumvi. Maji ya kisima kabisa.

Aliyezaliwa Malindi hahitaji maabara kwa hili. Tunaosha injini kwa chumvi ili kutoa chumvi! Chumvi hula chuma, chuma kilicholiwa hupata ufa, na ufa haurudi nyuma.

Nimemuuliza mlinzi maji haya huletwa na nani. Kasema tangu bomba lianze kusumbua Meneja hununua kwa bauza, lori la maji. Bauza la kijani, la mtaa wa Muyeye. La Mjomba Swaleh. Ndugu wa mamangu, tumbo moja. Yeye ndiye aliyenisomesha ufundi baada ya baba kufa.

Sala imenipita. Nilikuwa nimekaa chini tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda Muyeye. Mjomba alikuwa uani, anafunga mpira wa bauza. Nilijiandaa kwa uongo, nilijiandaa hata kwa kugombana naye. Nikamuuliza moja kwa moja kama alipeleka maji ya chumvi uwanjani.

Amenitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. "Ndiyo. Si nimeambiwa ni maji ya kuoshea? Nani huku kwetu, Mwanaisha, huoshea maji matamu?"

Kweli, nani? Nyumbani kwetu kisima ndicho kinachofua, kinachodeki, kinachoosha vyombo. Maji matamu ya kununua ni ya kunywa, ya chai na ya wali. Mtoto akinawa miguu kwa maji matamu hupigwa kofi. Mjomba kapeleka alichoagizwa, kama ambavyo angekipeleka nyumba yoyote mjini. Na Meneja, mtu wa bara, hakujua kwamba hapa maji ni mawili.

Hapana mwizi. Lakini kuna mzee anayekosa matanga. Nimemwambia Mjomba kwamba Jumatatu nitasema yote, na jina lake nitalitaja. Aliendelea kufunga mpira.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amejua. Amelia, kisha amekuwa mkali, na ukali wake ni mbaya kuliko machozi. Eti nitamtia Mjomba mikononi mwa serikali kwa ajili ya mtu baki. Watasema Mwislamu kaharibu ndege makusudi. Watamnyang'anya bauza, watoto wake watakula nini? Nimemwambia Mzee Kahindi naye ana watoto.

Mama ameniwekea chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Ameipika kwa maji ya kisima. Makusudi. Nimeinywa yote, hadi tangawizi ya chini. Naye alisimama akinitazama.

Naogopa. Nampenda mjomba wangu. Nitasema tu. Lisilobudi hutendwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimesema. Wakaguzi wawili, Meneja pembeni. Meneja akadai ni upepo wa bahari, akarudi kwenye mafuta, akarudi kwenye upepo. Nikawaomba jambo moja: waingize kamera ya waya kwenye injini ya kulia, ile nzima.

Wameingiza. Mapanga yana vidonda kama sufuria iliyoachwa na maji ya chumvi wiki nzima. Moja tayari lina ufa. Mkaguzi mkubwa ameagiza ndege isiguswe. Ingeruka na hiyo mara ngapi tena? Sitaki kuhesabu.

Ndipo mlinzi akaja kusema nje kuna mzee. Mjomba Swaleh, kanzu na kofia kama anakwenda Ijumaa, na mkononi kibuyu cha plastiki kimejaa maji ya kisima chake. Hakuna aliyemwita. Amekiweka mezani, akaeleza alivyoagizwa na alivyopeleka, akamtazama Meneja. Meneja akatazama viatu vyake. Mimi nililia mbele ya wageni wote. Sioni haya.

Jumanne, 19 Agosti

Mzee Kahindi amerudi. Koti lilikuwa bado kitini, halijakunjuliwa. Amelivaa, akachukua chupa yake, akakinga mafuta, akaiinua juani. Nimesimama karibu bila sababu.

Meneja amehamishwa. Tangi jeusi limeng'olewa. Bauza la kijani haliruhusiwi tena getini, na Mjomba sasa huuza kwa wajenzi huko Ganda. Wanasema Kahindi ndiye aliyempelekea wateja wa kwanza. Mjomba hajaja kwetu tangu siku ile. Linauma.

Nimefika nyumbani. Mama alikuwa jikoni, hakugeuka. Ameniwekea kikombe, akaendelea kuchambua mchele. Nimeonja kidogo, kwa tahadhari.

Maji matamu.