Benchi la Kando ya Dirisha

S.L.P. 31,
Busia.
21 Julai 1996.

Mpendwa dada yangu Akoth,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetufikisha mwezi huu tukiwa na pumzi. Habari za huko Kericho na baridi yake? Magoti yako je, bado yanakusumbua ukichuma chai? Na shemeji, kile kikohozi kilimwachilia? Sisi huku tuko, hatulalamiki. Mahindi yamekauka vizuri, na dagaa wetu omena wanapatikana, hata wateja wa upande wa Uganda wanavuka kuja mezani kwangu.

Barua hii isome peke yako. Watoto wakitaka kusikia, wasomee hapo juu na salamu za mwisho, katikati uruke. Nimeianza mara nyingi nikaichana kwa aibu.

Unajua desturi ya kanisa letu. Mwanamke akiwa kwa siku zake anavua kanzu nyeupe, anakaa kwenye benchi la nje, kando ya dirisha, mpaka amalize. Wewe na mimi tulikaa hapo tangu usichana na hatukuona vibaya. Lakini dada, tangu mwaka jana siku zangu zimepoteza njia. Kwanza zilikuwa zinaisha, na kabla vitambaa havijakauka kwenye kamba zimerudi. Nilikaa benchini mpaka Mama Opondo, yule muuza nyanya, akaniuliza, "Mama Brendah, kwani kanisa limekuandika askari wa mlango?" Tukacheka.

Kisha zikakatika kabisa. Nikafikiri nimemaliza, nikashukuru. Miezi ikapita niko ndani na kanzu yangu, naimba. Sikujua kwamba wenzangu wanaliangalia benchi.

Mimi mjane, dada. Ogendo ametuacha miaka sasa. Siku moja sokoni Mama Opondo akapaza sauti, "Benchi linakulilia, mama! Mgeni anafika lini? Au tumwulize Amollo?" Amollo ndiye anayeniletea omena kwa baiskeli kutoka Sio Port. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha debe la nafaka. Nami nikacheka nao, hapo nilikosea. Ningekasirika labda yangeishia palepale.

Maneno yalifika hadi Bukhayo alikoolewa Brendah. Akaja, akakaa jikoni, hakugusa hata maji. Akasema, "Mama, niambie tu. Kama ni kweli, mimi sitakukataa." Mtoto niliyemzaa ananiuliza mimi kama nina mimba! Nilikosa pa kuweka uso. Nilimtuma kisimani kama mtoto mdogo, naye akachukua mtungi akaenda.

Jumapili iliyofuata nilifanya jambo ambalo wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Nilivaa gauni la kawaida nikaenda kukaa kwenye benchi, na sikuwa na damu hata tone. Nilimdanganya Mungu mlangoni pake. Baada ya ibada Mama Opondo akaniletea chai kwenye kikombe cha mchungaji. "Tusamehe, mama. Tulizidisha utani." Nikainywa.

Jumapili nyingine nikaingia ndani na kanzu. Katikati ya wimbo, tumesimama, ngoma inapigwa, damu ikaja. Si ya kudondoka, dada, ilikuja kama mtungi umepasuka. Na kanzu ni nyeupe! Watu wa nyuma yangu waliacha kuimba. Aliyenifunga leso yake kiunoni akanitoa nje ni huyo huyo Mama Opondo, na safari hii hakufanya mzaha. Alitafuta boda boda, akawa ananifuata nyuma kwa baiskeli nyingine, akimpigia yule kijana kelele, "Pole pole, wewe! Hujabeba magunia!" mpaka tukafika zahanati.

Muuguzi alinipima mkojo, mimba hakuna. Akaniambia kwa umri wangu damu huvurugika kabla ya kukoma: inaruka miezi, inarudi kwa fujo, na hiyo si dhambi wala kurogwa. Lakini ikitoka nyingi hivi mpaka kichwa kizunguke, nisikae nayo nyumbani. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu, nimeambiwa niwe naweka alama kwenye kalenda, na Alhamisi nirudi waangalie kizazi. Akauliza mama yetu alikoma vipi. Mama hakuwahi kutamka jambo hilo mbele yangu.

Sasa sikia lililoniumiza zaidi. Brendah alikuja tena, akaichukua ile kanzu, akailoweka kwa maji baridi na chumvi. Akiwa ameinama kwenye karai akasema bila kuniangalia, "Mama, na zangu ziko hivyo. Tangu nilipoanza." Zinapotea miezi, halafu zinakuja na maumivu ya kumlaza chini. Zikichelewa, kwao wanadhani ni mtoto, mama mkwe anamwekea mayai. Zikija, hakuna anayemsemesha. Tangu aolewe ni hivyo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe ulinionyesha benchi tu, mama."

Na ni kweli. Nilimwonyesha pa kukaa, basi.

Leo sikwenda kanisani, nimebaki nyumbani nakuandikia. Wewe ndiye uliyemuuguza Mama mwisho wake. Zake zilikuwaje? Na zako je? Ona haya kama mimi, lakini andika, kwa sababu majibu si yangu peke yangu, ni ya Brendah pia. Alhamisi tunakwenda naye, aangaliwe kabla yangu. Na njiani nitamwambia lile la benchi, kwamba mama yake aliona heri kumdanganya Mungu kuliko kumjibu mwanawe.

Nisalimie shemeji Ogutu na Josiah wako. Mama Opondo anakusalimu, anasema ukija usimsahau kwa majani ya chai. Bwana awakinge na baridi hiyo, ayalegeze magoti yako, na atupe siku ya kuketi pamoja tukiongea bila kushusha sauti.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Akumu.